Maumivu ambayo morfini haiyafikii

Mzee alinyanyua mkono akanionyesha vidole vyote vitano. Ilikuwa saa mbili usiku, taa ya sola inaning'inia kwenye boriti, na nilikuwa nimeshampandishia dozi ya morfini, dawa kali ya kutuliza maumivu, mara tatu ndani ya wiki mbili.

Kwa asiyeijua kazi hii, mimi ni muuguzi wa tiba shufaa. Tunawahudumia watu wenye magonjwa ambayo hayatapona, wengi wao saratani, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe hufanyika majumbani. Eneo langu ni vijiji vya Newala na Tandahimba, huku juu kwenye uwanda wa Makonde. Vipimo ninavyobeba ni vichache na kimojawapo ni huo mkono. Ngumi iliyofumbwa maana yake hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vitano ni yasiyovumilika. Hakihitaji kalamu wala kujua kusoma. Wazee wetu hawazidishi. Wakikosea hesabu, basi wamepunguza.

Huyu alikuwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia kwenye mifupa ya mgongo. (Mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili asijulikane.) Maumivu ya mifupa ni makali, lakini mara nyingi husikia dawa. Morfini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, ya kulalia hutolewa mara mbili ya kawaida ili mtu asiamke usiku wa manane, na pembeni lazima uweke dawa ya kulainisha choo kwa sababu morfini hufunga tumbo. Yote niliyafanya. Asubuhi alikuwa kidole kimoja. Mchana kimoja na nusu. Alikikunja cha pili katikati, maana alikuwa mtu wa mizaha. Ikifika saa mbili usiku, vitano. Dawa ile ile, mgongo ule ule.

Ziara tatu zilipita ndipo nikajua kwamba saa mbili ndiyo saa ambayo simu ya nyumba ile huita. Mtoto wao aliyeko Dar es Salaam humpigia mama yake akishafunga biashara. Wanaongea, wanacheka, anauliza mikorosho imechanuaje. Halafu anasema, "Haya mama, msalimie mzee." Mzee mwenyewe yuko hatua mbili kutoka kwenye simu, juu ya kitanda cha kamba, na neno halimpiti.

Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa nesi kabla hajawa daktari, na ambaye mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's, nyumba ya kuwahudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, jijini London, ndiye aliyetufundisha kuliona jambo hili. Alisema mgonjwa ana maumivu ya jumla: ya mwili, ya akili, ya kutengwa na watu, ya roho, yote yamesokotwa kamba moja. Ukiyatibu ya mwili peke yake utashangaa kwa nini kamba haikatiki. Nilichokuwa nikifanya mimi kwa zile wiki mbili ni kumpa mwenye kiu Panadol.

Hapa inabidi nieleze kitu ambacho msomaji wa Bukoba au Moshi huenda asikipate haraka. Kwetu Wamakonde, kama ilivyo kwa Wamwera, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume mwenye kauli juu yake ni kaka wa mama, yaani mjomba. Siku hizi mambo yamelegea sana, dini na shule na mji vimeingia, lakini mzee huyu ni wa kizazi kilichoishika mila kwa mikono miwili. Dada yake aliachika na watoto watano, na yeye akawabeba wote.

Mwaka ambao mpwa wake mkubwa alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mzee aliuza korosho kwa kangomba. Wa kusini wananielewa. Ni kuuza kabla ya msimu, kwa bei ya kutupa, kwa mtu anayekuja na kipimo chake mwenyewe. Ada ikapatikana. Mwaka huo huo mtoto wake wa kumzaa alimaliza darasa la saba, akapewa panga akafyekee mikorosho. Alifyeka misimu miwili. Wa tatu akapanda gari kwenda Dar bila kuaga, enzi hizo daraja la Mkapa halijafunguliwa, Rufiji inavukwa kwa pantoni, na masika ikichachamaa mtu anaweza kulala njiani siku kadhaa. Kwa mama yake alituma salamu alipofika. Kwa baba, hakuna.

Wapwa wako wapi? Wapo, wana kazi zao, hela ya dawa wanatuma. Nilimuuliza mzee kama wamewahi kumwambia asante.

"Mjomba hashukuriwi, nesi. Mjomba anafanya kazi yake. Nani anaushukuru mkono kwa kumpelekea tonge mdomoni?"

Akatulia kidogo, kisha akasema lile neno ambalo sijalisahau mpaka leo: "Kwa wapwa zangu nilikuwa wajibu. Kwa wanangu nilikuwa mpangaji. Sasa nambie wewe mwanangu uliyesoma, mimi nilikuwa wa nani?"

Nami, huyo "mwanangu uliyesoma", nikajibu upuuzi. Nikamwambia, "Usiwaze hayo mzee wangu, wote wanakupenda." Akageukia ukutani. Wiki nzima hakunieleza kitu zaidi ya vidole.

Kosa hili nalifahamu vizuri kwa sababu nimelifanya mara nyingi, na nawaona wenzangu wakilifanya kila siku, ndugu wa wagonjwa ndio usiseme. Kukimbilia kumfariji mtu ni njia ya adabu ya kumfunga mdomo. Anaanza kufungua mzigo, wewe unamwambia ni mwepesi. Anayepona hapo ni wewe, kwa sababu umeokoka kusikia.

Zamani hata madaktari waliona mzee anayerudia rudia ya nyuma ni dalili ya akili kuchakaa. Mwaka 1963 Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliandika kinyume chake: mtu anapohisi mwisho unakaribia, huyarudia maisha yake kuyakagua, na hiyo ni kazi halali ya uzee kama kutembea ilivyo kazi ya mtoto wa mwaka mmoja. Mwanasaikolojia Erik Erikson naye alizigawa hatua za maisha ya binadamu katika nane, na ya nane ikawa hiyo hiyo: ama mtu anayakubali maisha aliyoishi kuwa ndiyo yake, pamoja na mabonde yake, ama anakata tamaa. Kuhusu majuto yenyewe, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Thomas Gilovich na Victoria Medvec, walionyesha mwaka 1995 kwamba kwa muda mfupi tunajutia zaidi tuliyoyafanya, ila miaka ikipita yanayobaki yakituuma ni yale ambayo hatukuyafanya. Kwa masikio yangu wako sahihi. Vitandani huku nasikia "sikumsomesha", "sikurudi kumzika", "sikumuomba radhi". Mara chache sana nasikia "nilifanya".

Njia ninayoitumia siku hizi nimeikopa kwa Harvey Chochinov, daktari wa magonjwa ya akili wa Kanada, ambaye mwaka 2005 alichapisha kazi yake juu ya tiba ya utu. Mgonjwa anaulizwa maswali machache kuhusu maisha yake: ni lini alijiona yu hai kuliko wakati wote, amefanya nini anachojivunia, kuna nini angependa watu wake wakijue. Majibu yanarekodiwa, yanaandikwa, anasomewa mwenyewe asahihishe, halafu karatasi inabaki kwa familia. Basi. Mimi kinasa sauti sina na muda wa kukaa nikiandika sina. Nilinunua daftari la kurasa 40, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, nikampa mjukuu wake wa darasa la saba. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Katika nyumba ile mjukuu ndiye alikuwa karani.

Nilitegemea yatoke makubwa. Wapwa, ada, kangomba, lawama. Ilitoka baiskeli.

Mtoto wake, huyu wa Dar, alipokuwa na miaka minne alipata degedege usiku. Mzee alimfunga mgongoni kwa kanga ya mama yake, akapanda Phoenix isiyo na taa, akaenda naye hospitali ya misheni. Njiani mnyororo ukatoka. Akaurudisha gizani kwa kupapasa, mtoto akitetemeka mgongoni, kisha akatulia ghafla, na mzee hakujua kama ametulia kwa kupona au kwa kufa. Hakuthubutu kusimama kuangalia. Alikanyaga hivyo mpaka getini. Mjukuu aliyaandika yote kwa mwandiko wa kuinama, "mnyororo" akaukosea mara mbili.

Jioni yake simu ilipoita, bibi alimpa mjukuu. Mtoto akasoma ukurasa ule kama wanavyosoma darasani, bila kupumzika kwenye nukta. Upande wa pili kimya, mpaka nikadhani salio limekwisha.

Halafu kijana akauliza, "Baiskeli ipi?"

"Ile Phoenix," mzee akajibu toka kitandani. Sidhani kama alijua kuwa amejibu.

"Mimi miaka yote najua ni mama ndiye aliyenipeleka. Naikumbuka ile kanga."

Usiku ule vidole vilikuwa vinne. Baada ya siku chache vitatu, kwa dozi ile ile. Chini ya viwili havikushuka mpaka mwisho, na nalisema hili ili pasiwe na anayedhani ninauza muujiza. Morfini niliendelea nayo hadi siku ya mwisho. Kijana alikuja wakati mabibo yameanza kudondoka. Sikuwasikia wakiombana msamaha. Siku niliyomkuta alikuwa amemkalisha baba yake kwenye kigoda, amempaka povu la sabuni ya kufulia, anamnyoa ndevu kwa wembe mpya, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. "Unaninyoa kama unapalilia," mzee akalalamika. Kijana akasema, "Tulia baba." Ndiyo mazungumzo yao niliyoyasikia, na mimi nilikuja kupima, nikapima, nikaondoka.

Nimelitafakari sana hili. Wapwa walikuwa wanatuma hela na salamu za "tunakushukuru mjomba kwa kila kitu". Kila kitu ni kama hakuna kitu. Ni maneno yale yale yanayosomwa kwenye wasifu wa marehemu, alikuwa mcheshi na mpenda watu, ambayo ungeweza kumsomea jirani yake na pasigundulike. Kilichomfikia mzee ni mtu kuuliza baiskeli ipi. Alitaka jambo lake mojawapo lijulikane kuwa ni lake. Kwa hiyo familia zinaponiuliza wamwambie nini mgonjwa, siwaambii wamwambie "nakupenda". Neno hilo wengi wetu hatukulelewa nalo, likitoka linatoka kama la kwenye tamthilia, na mgonjwa mwenyewe anashtuka kwamba kumbe hali ni mbaya kiasi hicho. Nawaambia wataje kitu. Mwaka ule, shati lile, safari ile. Na kama hawakumbuki, wamuulize, kisha wavumilie kukaa kimya.

Yapo mawili ya tahadhari. Mzee akikataa kula, halali, hafurahii hata mjukuu, anasema ni bora afe na anajilaumu kwa vitu visivyo na mashiko, hayo huenda si majuto tena, huenda ni sonona, nayo ina tiba, tuiteni. La pili, wapo waliotendwa vibaya kweli na wazazi wao, kipigo, kutelekezwa, na mengine mazito kuliko panga la kufyekea. Hao siwaburuzi kitandani wakasamehe kwa sababu mtu anakufa. Nimeshaona viongozi wa dini na majirani wakilazimisha, na nimeshaona kilichofuata baada ya arobaini.

Baada ya mzee kuzikwa nilimpigia simu mama yangu. Nilitaka kuanza na mimi. Nikamkumbushia nilipokuwa darasa la tatu, maji ya kijijini yanafuatwa bondeni, kushuka saa nzima na kupanda zaidi, na jinsi alivyokuwa akiamka alfajiri kuteka ndoo ya ziada ili mimi niende shule nimeoga na sketi imefuliwa. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaja hata rangi ya ndoo.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ile ya kijani?" akasema. "Mimi mwaka ule nilikuwa na mimba ya mdogo wako, bondeni sikushuka. Aliyekuwa anakutekea ni dada yako. Ndiyo maana aliacha shule, alikuwa anachelewa kila siku, walimu wakamchapa mpaka akachoka."

Dada yuko Nachingwea. Huwa tunatumiana salamu za Idi.