Theluthi ya chaji hutoka wapi? Athari ya Hall ya sehemu

Mwanafunzi wa fizikia wa S.6 hapa Uganda anaijua athari ya Hall ya kawaida. Pitisha mkondo kwenye kipande cha metali kilichomo ndani ya uga wa sumaku, na elektroni husukumwa pembeni hadi volti ikatokea kati ya kingo zake mbili. Edwin Hall aliiona mwaka 1879. Sumaku ikizidi, volti nayo huzidi kwa mstari mnyoofu.

Mstari huo hukatika elektroni zikinyimwa nafasi ya kwenda juu na chini. Galiamu asenaidi, aina ya nusu-kipitishi, ikigusana na ile iliyochanganywa na alumini, elektroni hunaswa mpakani, zikabaki na mbele, nyuma na pembeni tu. Hapo, katika baridi iliyo karibu na sifuri kamili, ukinzani wa Hall, yaani volti hiyo ya pembeni ikigawanywa kwa mkondo, hupanda kwa ngazi. Mwaka 1980 Klaus von Klitzing alikuta kila ngazi ni omu 25,812.8 zilizogawanywa kwa namba kamili: 1, 2, 3 na kuendelea.

Mwaka 1982 Daniel Tsui, Horst Störmer na Arthur Gossard, wakiwa na kipande safi zaidi na sumaku kali zaidi, walikuta ngazi kwenye takriban omu 77,438, yaani mara tatu, kana kwamba kigawanyo ni 1/3. Ndiyo athari ya Hall ya sehemu: kigawanyo si namba kamili bali sehemu.

Wengi wakiisikia theluthi hiyo hudhani elektroni imepasuka vipande vitatu. Haijapasuka, na uzuri wote wa jambo hili uko hapo. Uga ukiwa mkali kiasi hicho, elektroni zote hulingana kwa nishati ya mwendo, kwa hiyo linaloamua ipi ikae wapi ni kule kusukumana kwao tu. Ni kama Old Taxi Park ya Kampala jioni: teksi moja haitoki mpaka nyingine nyingi zisogee. Mwaka 1983 Robert Laughlin aliandika wimbi moja la elektroni zote kwa pamoja, kila moja ikizikwepa zote zilizobaki. Uga wa sumaku nao una kipimo chake kidogo kabisa, na kwenye ngazi hii kila elektroni ina vipimo vitatu. Ongeza kimoja zaidi, na kundi zima hujipanga upya likiacha pengo lililopungukiwa na theluthi kamili ya chaji. Pengo hilo husafiri kama chembe.

Mwaka 1997 watafiti wa Ufaransa na wa Israel walipima mitikisiko midogo ya mkondo, wakaikuta theluthi hiyo. Mwaka uliofuata Laughlin, Störmer na Tsui walipewa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo sehemu nyingi zimejulikana, kama 2/5 na 3/7, karibu zote zikiwa na asili (namba ya chini) witiri. Ile ya 5/2, iliyoonekana mwaka 1987, wataalamu bado wanaibishania.