Wilaya na halmashauri: ofisi mbili, mipaka miwili

Fomu nyingi za Tanzania Bara zina kisanduku cha Mkoa, kisha Wilaya, kisha Kata. Halmashauri haina kisanduku chake, au imebanwa pamoja na wilaya kwa mkwaju: "Wilaya/Halmashauri". Mkwaju huo ndio unaozaa barua zinazopotea na takwimu zisizolingana, kwa sababu hivyo ni vitu viwili, vyenye sheria mbili na wakubwa wawili.

Wilaya ni sehemu ya mkoa, na ni mkono wa Serikali Kuu. Anaiongoza Mkuu wa Wilaya, mteule wa Rais, na mtendaji wake ni Katibu Tawala wa Wilaya. Msingi wake ni Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997. Halmashauri ni serikali ya mitaa: ina Baraza la Madiwani, inatunga sheria ndogo, inakusanya ushuru na kupitisha bajeti yake. Msingi wake ni sheria mbili za mwaka 1982, moja ya mamlaka za wilaya (Sura 287) na nyingine ya mamlaka za miji (Sura 288). Mtendaji wake mkuu ni Mkurugenzi. Naye huteuliwa na Rais, na nadhani hapo ndipo wengi wanapowachanganya, lakini vikao vya baraza huongozwa na Mwenyekiti, au Meya kama ni manispaa au jiji, ambaye ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake.

Bara ina wilaya 139 na halmashauri 184. Tofauti hiyo inatokana na wilaya zenye halmashauri zaidi ya moja. Wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga, ina tatu: Manispaa ya Kahama, Msalala na Ushetu. Ukiandika barua kwa "Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Kahama", umeiandikia ofisi ambayo haipo tena. Arusha inachanganya zaidi. Halmashauri ya Wilaya ya Arusha haimo ndani ya Wilaya ya Arusha; imo Wilaya ya Arumeru, pamoja na Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Wilaya ya Arusha yenyewe ndiko kuliko na Halmashauri ya Jiji. Kwa hiyo neno "Arusha" peke yake kwenye fomu linaweza kumaanisha mkoa, wilaya, jiji, au halmashauri iliyo katika wilaya ya jirani.

Dar es Salaam nayo ilibadilika Februari 2021. Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Wilaya ilibaki Ilala. Mkazi wa Kariakoo yuko Wilaya ya Ilala, lakini leseni yake ya biashara inatoka kwa Mkurugenzi wa Jiji. Wa Sinza yuko Ubungo kwa wilaya na kwa manispaa pia.

Ukitaka kujua uende wapi, tazama aina ya shida. Kibali cha ujenzi, leseni ya biashara ya kundi B, ushuru wa soko, na mikopo ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mambo ya halmashauri. Ulinzi na usalama ni kwa Mkuu wa Wilaya, na huko ndiko kwa kawaida utakuta pia dawati la RITA, wakala wa serikali wa usajili, la vyeti vya kuzaliwa na vifo. Ukipeleka ombi la kibali cha ujenzi kwa Mkuu wa Wilaya, litarudishwa kwa Mkurugenzi na utakuwa umepoteza siku.

Mgawanyo huo unashuka hadi chini. Tarafa ipo upande wa Serikali Kuu: Afisa Tarafa anawajibika kwa Mkuu wa Wilaya, na tarafa haina baraza la kuchaguliwa. Kata ipo upande wa halmashauri, na ina diwani na Mtendaji wa Kata. Chini yake kuna vijiji na vitongoji, au mitaa kama ni mjini.

Zanzibar ina wilaya 11, lakini usitafute kata huko. Chini ya wilaya kuna shehia, kila moja na sheha wake, na diwani anatoka kwenye wadi. Kenya iliachana na mfumo wa mikoa na wilaya baada ya Katiba ya 2010. Sasa kuna kaunti 47 zenye magavana, na chini yake kaunti ndogo. Hati za zamani za Kenya bado zina neno "wilaya". Zinakili kama zilivyo, usizigeuze kuwa kaunti kwa kukisia, maana wilaya nyingi zilizoongezwa miaka ya mwisho hazikuwa kaunti.

Kwa wanaotengeneza fomu na majedwali, ushauri wangu ni huu: wekeni safu mbili, moja ya wilaya na moja ya halmashauri, na andikeni jina la halmashauri pamoja na hadhi yake. "Kibaha Manispaa" (zamani "Kibaha Mji") na "Kibaha Wilaya" ni halmashauri mbili ndani ya wilaya moja. Ukiandika "Kibaha" tu, kompyuta itazijumlisha. Ongezeni pia mwaka wa takwimu, kwa sababu Ilala ya 2020 kwenye jedwali la halmashauri ndiyo Dar es Salaam Jiji ya 2022.