Chuma kimeshawekwa, mfupa wenyewe je?

Bibi wa miaka sabini na kitu anateleza bafuni, nyonga inavunjika, anafanyiwa upasuaji. Siku ya kuruhusiwa, familia inaondoka na dawa za maumivu na tarehe ya kurudi kliniki. Dawa ya mifupa haimo. Nikiwauliza, jibu ni lile lile: "Daktari, mama si ameshawekewa chuma?"

Chuma kinashika pale palipovunjika tu. Mfupa uliovunjika kwa kuanguka mtu akiwa amesimama tu, ulikwisha kudhoofika zamani. Hedhi ikikoma, estrojeni hupungua, na seli zinazomeng'enya mfupa huzishinda zile zinazoujenga. Kulala kitandani na kula kwa shida baada ya ajali huzidisha hasara hiyo, hata kwenye nyonga ya upande wa pili ambayo haikuguswa. Hiyo ndiyo ninayoihofia zaidi.

Dawa ipo. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa HORIZON kwa wagonjwa 2,127 waliofanyiwa upasuaji wa nyonga iliyovunjika, wengi wao wanawake. Kundi moja lilipewa dripu ya asidi ya zoledroniki, miligramu 5 mara moja kwa mwaka, ya kwanza ndani ya siku 90 baada ya upasuaji. La pili dripu isiyo na dawa. Waliovunjika tena mfupa walikuwa asilimia 8.6 kwenye kundi la dawa, na 13.9 kwenye lile lisilo na dawa. Waliofariki, asilimia 9.6 kwa 13.3. Kwangu mimi, takwimu hizo zinatosha kumfanya daktari asimruhusu mgonjwa bila kuzungumzia dawa hii.

Mimi husubiri kama wiki mbili baada ya upasuaji, na kwanza napima figo, kalsiamu na vitamini D. Figo zikiwa zimechoka sana, dripu hii haifai. Kalsiamu ikiwa chini, irekebishwe kwanza, kwa kuwa dawa huweza kuishusha zaidi hadi ikawa hatari. Jino bovu ling'olewe mapema, kabla ya dripu, maana dawa hii huweza kuzuia mfupa wa taya kupona.

Baada ya dripu ya kwanza, wengi hupata homa na mwili kuuma kwa siku moja hadi tatu. Nawaeleza ndugu mapema, maana wengine hudhani ni malaria au kwamba dawa imemdhuru mama, wakaikataa ya mwaka wa pili. Parasetamo husaidia. Homa ikipita siku tatu, arudi apimwe.

Pasipo na dripu kuna vidonge vya alendroneti, miligramu 70 kila wiki. Vinywewe asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, si chai, kisha akae wima nusu saa bila kujilaza, la sivyo kidonge huunguza umio. Asiyeweza kukaa wima asipewe.

Dripu ikifika miaka mitatu, au vidonge mitano, tunakaa tena kuamua kama aendelee au apumzike. Katikati ya safari hiyo, maumivu mapya ya paja au kinena yapigiwe eksirei, hata kama hakuanguka, kwa kuwa mara chache dawa hizi huleta ufa kwenye mfupa wa paja.