Pangani: Fungu la Mchanga na Bandari Iliyokauka

Kila nikiwapeleka wanafunzi Pangani, swali la kwanza ni lile lile: Bushiri, kiongozi wa vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongewa wapi? Siwalaumu. Lakini mimi huwapeleka kwanza mdomoni mwa mto, maji yakiwa yamekupwa, walitazame fungu la mchanga. Ukilielewa fungu lile, umeshauelewa mji.

Jahazi halikuwa na shida nalo. Lilingoja maji yajae, likapita juu yake, likatia nanga mbele ya forodha. Kwa hiyo pembe za ndovu zilizoletwa na misafara kutoka bara zilipakiwa hapa, na sukari ya mashamba ya miwa ya kando ya mto ikapelekwa Unguja. Miwa hiyo ilikatwa na watumwa, jambo ambalo mara nyingi husahaulika mtu anapozisifia nyumba za mawe.

Forodha ndiyo iliyokuwa roho ya mji, na ndiyo iliyowasha moto. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said alitia saini mkataba ulioipa kampuni ya Kijerumani mamlaka ya kukusanya ushuru wa pwani. Agosti akafika Emil von Zelewski, ofisa wa kampuni hiyo, na ubabe wake ukawachukiza watu upesi. Septemba maofisa wa kampuni walikuwa wamezingirwa. Vitabu vya shule husema watu walipigania bendera ya Sultani. Ni kweli, ila nadhani tunausahau ushuru: Bushiri bin Salim mwenyewe alikuwa na shamba la miwa huku, na anayeshika forodha ndiye anayeshika riziki ya kila mtu. Julai 1889 jeshi la Kijerumani la Hermann von Wissmann liliuteka mji, na Desemba 15 Bushiri akanyongwa. (Zelewski naye hakufika mbali. Wahehe walimuua huko Lugalo, karibu na Iringa, mwaka 1891.)

Hata hivyo, kilichoimaliza bandari si vita, ni reli. Meli za moshi hazikuweza kulipita fungu. Zilitia nanga nje, mzigo ukafuatwa kwa mashua. Tanga ina ghuba yenye kina, basi mwaka 1893 Wajerumani wakaanza kutandika reli huko. Ilifika Muheza 1896, Moshi 1911. Nani tena angeteremsha mzigo kwa miguu hadi Pangani?

Na mwaka huo huo wa 1893 ndipo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipoagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Miche hiyo 62 ndiyo iliyozaa zao lililokuja kuongoza mauzo ya nje ya Tanganyika. Pangani ilibaki na mashamba yake, lakini mengi makubwa yaliifuata reli, na katani yake ikapakiwa Tanga.

Leo ukipita zilipo nyumba za zamani, simama penye ukuta uliobanduka chokaa. Utaona matumbawe yamepangwa bila mpangilio, na juu yake boriti za mikoko, nyeusi, nyingine bado zina alama za shoka. Kisha panda pantoni uvuke kwenda Bweni. Mkifika katikati ya mto, tazama kushoto, kule unakoishia: mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mahali ambapo ungedhani pana kina. Ndilo hilo fungu.