Je, wajua kwa nini wapima miamba hutega sikio kwenye sakafu ya bahari?

Shika kamba ya usumba iliyofungwa kwenye nguzo ya gati, uitikise kando mara moja. Utaona nundu ikikimbia mpaka mwisho wa kamba. Maji hayawezi hivyo. Ukiyabana yanasukumana, lakini ukiyavuta kando yanateleza tu, hayajirudishi mahali pake.

Kwetu jambo hili lina maana. Tundaua, kisiwani Pemba, mafuta huchuruzika yenyewe kutoka ardhini, na katika miaka ya 1950 na 1960 visima vya utafiti vilichimbwa Unguja na Pemba. Baharini, meli za kutafuta mafuta hulipua hewa iliyoshindiliwa, na mlipuko hushuka kama wimbi la msukumo, yaani linalobana na kuachia kama sauti. Kila likigonga tabaka la mwamba, sehemu yake hurudi juu, nayo hunaswa na vinasa vinavyoburutwa nyuma ya meli.

Kikwazo ni gesi. Hata ikiwa kidogo, ikishaingia kwenye vitundu vya mwamba, mwamba hubanika kwa urahisi zaidi. Wimbi la msukumo hupunguza mwendo, hutawanyika, hufifia. Picha inajaa ukungu pale pale unapotaka kuona.

Sasa sikiliza hili, ambalo mimi hunistaajabisha kila nikilifikiria: wimbi hilo likigonga tabaka kwa mshazari, sehemu ya nguvu zake hugeuka papo hapo ikawa wimbi la kando, lile la nundu ya kamba. Wimbi la kando hupita kwenye mwamba wenyewe, na gesi iliyomo vitunduni hailisumbui sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Tommeliten, Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, njia hii ilionyesha matabaka yaliyokuwa yamefichwa na gesi.

Ila likifika sakafu ya bahari, safari yake imekwisha, kwani juu ni maji. Basi vinasa hulazwa huko huko chini, kila kimoja na geofoni tatu za kupima mtikisiko wa wima na wa pande mbili, pamoja na haidrofoni, yaani kinasa cha sauti ya majini. Katika Mkondo wa Pemba, wenye kina cha mamia ya mita, hiyo si kazi ya mzaha.

Na hesabu zake zinataka uangalifu. Wimbi lililogeuka huenda kwa takriban nusu ya mwendo wa lile la kwanza, na hupanda likiwa wima zaidi. Kwa hiyo mahali lilipogeukia si katikati ya meli na kinasa, bali karibu zaidi na kinasa. Mwenye kulihesabu kama mwangwi wa kawaida atalichora tabaka mahali lisipokuwapo.