Majumba ya kale ya Uingereza: eti bila gari hufiki?

Hii naisikia sana kwa watu wetu walioko kule, mtu yuko London miaka na miaka hajaona kasri hata moja kisa hana gari, na inaniuma kwa sababu si kweli kabisa. Hampton Court, kasri la mfalme Henry wa Nane, unapanda treni stesheni ya Waterloo hapo London, unashuka kituo cha mwisho, unavuka daraja la Thames na geti lile pale. Windsor ndo kabisa, mji mdogo una stesheni mbili, ya Riverside inatoka Waterloo moja kwa moja na ya Central unabadilishia Slough.

Sasa Harlech, Wales. Ni mbali, sibishi, ila treni yake inapita kandokando ya bahari halafu inakushusha chini ya mwamba wenyewe, ukiinua macho ngome iko juu ya kichwa chako. Zamani bahari ilifika mpaka chini ya huo mwamba, na ndo maana Wawelsh walipoizingira mwaka 1294 askari wa Edward wa Kwanza, mfalme wa England, waliokuwa ndani hawakufa njaa, chakula kilikuja kwa meli kutoka Ireland kikapandishwa kwa ngazi za mawe. Mwenye gari anapaki juu, hiyo picha haipati.

Eti nauli ni ghali? Tangu Januari 2025 mabasi mengi ya England yana kikomo cha pauni 3 kwa safari moja, na la kutoka Oxford linakushusha getini kwa jumba la Blenheim, alikozaliwa Churchill.

Leeds Castle haiko Leeds jamani! Iko Kent, karibu na Maidstone, stesheni yake ni Bearsted. Ukikata tiketi ya Leeds umeenda kaskazini huko mbali.

Dhana inayoumiza zaidi ni kwamba ukishajua njia ya kwenda basi umemaliza. Hapana, angalia kwanza basi la mwisho la kurudi, maana vijijini yanaisha mapema na Jumapili mengine hayapo kabisa, halafu angalia siku za kufungwa. Kasri la Arundel majira ya baridi linafungwa. Kasri la Windsor kwa kawaida Jumanne na Jumatano halipokei wageni, na Jumapili kanisa la St George's humo ndani, alikozikwa Malkia Elizabeth wa Pili, ni la ibada tu, kwa hiyo Windsor nenda Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi au Jumatatu.