Usimamizi wa maarifa hauanzi kwa kununua programu

Nairobi haikosi ofisi, iwe Upper Hill au Barabara ya Mombasa, ambayo mradi wake wa usimamizi wa maarifa (yaani kuhakikisha anachokijua mmoja kazini kinamfikia mwenzake anayekihitaji) ulianza kwa kununua programu mwezi Juni, kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Malengo ya shirika yalitafutwa baadaye, ili ripoti ipate cha kusema.

Dhana: mfumo ukishanunuliwa, maarifa yameshasimamiwa.

Ukweli: mfumo ni kabati tu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 30401, kilichotolewa mwaka 2018, kinaeleza kwamba usimamizi wa maarifa upo kutumikia malengo na mkakati wa shirika, na kwamba hakuna suluhisho moja linalofaa mashirika yote. Basi anza na lengo. Chukua msambazaji wa dawa mwenye ghala Industrial Area, ambaye mpango mkakati wake unataka mizigo ifike hospitalini kwa wakati. Jiulize: ni uamuzi gani hapa hukosewa kwa sababu anayeuamua hajui anachokijua mwenzake? Wakala wa forodha anajua ni karatasi ipi hukwamisha mzigo bandarini Mombasa. Anayepokea oda hajui, naye ndiye anayemwahidi mteja tarehe. Pengo ni hilo, na huenda likazibwa na kikao kifupi cha kila Jumatatu asubuhi bila kununua chochote. (Muuza programu hatakuambia hivyo.)

Dhana: mfanyakazi mkongwe atahojiwa akikaribia kustaafu.

Ukweli: watumishi wengi wa serikali hustaafu wakiwa na miaka 60, kwa hiyo tarehe inajulikana tangu siku ya kuajiriwa. Bado kuondoka kwao hugeuka dharura. Mwanafalsafa Michael Polanyi alisema zamani kwamba tunajua mengi kuliko tuwezavyo kueleza, ndiyo maana mahojiano ya saa moja huambulia machache. Fundi anayetambua pampu mbovu kwa mlio wake hawezi kuujaza mlio huo kwenye fomu. Mpe kijana afanye naye kazi mwaka mzima.

Lakini kabla ya hapo, uliza jambo ambalo wengi huliona ni utovu wa adabu: je, anachokijua mzee kitahitajika huko tunakokwenda? Idara iliyohamishia huduma zake mtandaoni haina haja ya kurithi kila ujanja wa kutafuta faili za karatasi.

Dhana: idadi ya nyaraka zilizopakiwa ndiyo kipimo.

Ukweli: hapo umepima bidii ya kupakia. Kama lengo ni kupunguza malalamiko ya wateja, hesabu malalamiko yanayojirudia. Mashirika ya umma nchini yalianza kutia saini mikataba ya utendakazi, yenye malengo ambayo shirika hupimwa kwayo, mwaka 2004, kwa hiyo viashiria tayari vipo. Jifungamanishe na kimojawapo, badala ya kubuni kipya ambacho hakuna mkurugenzi atakayeulizwa habari zake.

Dhana: wafanyakazi huficha maarifa kwa uchoyo.

Ukweli: wachoyo wapo, sawa. Ila afisa mauzo anayelipwa kamisheni kwa wateja wake peke yake, tena kwa mkataba wa miezi sita, anafanya kile hasa anacholipwa kufanya. Kabla ya kumpeleka Naivasha kwenye warsha ya kugawana maarifa, soma upya mkataba wake.